Ruhusa ya Mitumbwi

Nilizaliwa kisiwani. Watu wakisikia hivyo hufikiria bahari, lakini kisiwa chetu kilikuwa kipande cha ardhi kilichozungukwa na mto wa Pangani, ambao sisi Wazigua tuliuita Luvu, chini kidogo ya Manundu, pale Korogwe. Wazee walihamia pale zamani kwa kuwakimbia Wamasai, maana Wamasai hawakupenda kuingia majini. Wajerumani walipokuja na reli yao, hofu ile ilikuwa imepungua, ila sisi tulikuwa tumeshazoea kukaa katikati ya maji na hatukuona sababu ya kuhama. Kila nyumba ilikuwa na mtumbwi wake. Ukitaka chumvi, mtumbwi. Ukitaka kuni, mtumbwi. Maiti zetu pia tulizivusha kwa mtumbwi, kwa sababu hatukuzika kisiwani.

Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya kusini, kwenye bonde. Kila masika mto ulifurika, ukalala juu ya bonde lile kwa muda, kisha ukarudi mahali pake na kuacha tope jeusi ambalo lingeotesha hata kijiti. Shida ni kwamba maji yalifuta mipaka. Kipande kilichokuwa kizuri mwaka jana kingeweza kuwa mchanga mtupu mwaka huu. Kwa hiyo kila mwaka mashamba yaligawanywa upya, na namna ya kuyagawa ilikuwa ni mashindano ya mitumbwi.

Kila nyumba ilitoa mtumbwi mmoja, wenye watu wawili, mume na mke, kwa sababu hao wawili ndio watakaolima. Mume alisimama nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini ya mto. Mke aliketi mbele na kafi. Walianzia kichwani mwa kisiwa, wakateremka na maji hadi bondeni. Aliyefika kwanza aliruka, akapiga mbio kwenye tope na kuchomeka jembe lake mahali alipopapenda. Hapo pakawa pake mpaka masika mengine. Wa pili akachagua baada yake, na kuendelea. Watu walisimama kando zote mbili wakishangilia, na ngoma ikapigwa tangu asubuhi.

Aliyepiga ngoma ya kuanzisha alikuwa baba yangu. Yeye hakushindana. Alikuwa na kipande chake kidogo karibu na kivuko ambacho hakuna aliyekigusa, ndio ujira wa kazi ile.

Mimi wakati ninaosimulia nilikuwa nimerudi nyumbani. Niliolewa nikiwa msichana na mfanyabiashara wa Pangani mjini, nikakaa huko miaka mingi, sikupata mtoto, akanipa talaka. Hakunifukuza kwa maneno mabaya. Alinitafutia wapagazi wa kunisindikiza mpaka Korogwe, akanipa na kanga mpya. Nilirudi na sanduku moja na Kiswahili cha pwani ambacho wenzangu kisiwani walikicheka. Nilikaa nyumba moja na shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa mjane. Nyumba isiyo na mwanamume haikutoa mtumbwi kwenye mashindano. Sisi tulipewa kilichobaki baada ya wote kuchagua, na kilichobaki kwa kawaida kilikuwa kule mwisho, ambako viboko walipanda usiku kula mahindi.

Mwaka niliorudi, akida alikuja kuzuia mashindano.

Akida alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Serikali kuamua mambo ya watu wa Korogwe. Alikaa karibu na stesheni, alivaa joho hata kwenye jua kali, na alitembea na mtu wa kumshikia mwavuli. Siku ile alisimama ng'ambo ya kaskazini, askari wawili kando yake, akapaza sauti kwamba tangu vita vya kusini watu hawakusanyiki na ngoma bila ruhusa. Mitumbwi ilikuwa imeshapangwa. Baba akaweka chini vijiti vya ngoma. Watu wakarudi majumbani.

Mwaka ule mashamba yaligawanywa kwa ugomvi. Kila mtu alikwenda kwa wakati wake, akachomeka jembe lake, na mwingine akaja akaling'oa. Wanaume wawili waliokua pamoja, wakatahiriwa pamoja, walipigana pale bondeni na mmoja akampiga mwenzake mkononi kwa jembe. Mkono haukupona sawasawa. Vidole viwili vilibaki vimekunjika.

Baba alikwenda kumtazama yule mgonjwa, akakaa naye muda mrefu. Aliporudi aliniambia, "Jitayarishe. Tutakwenda kuomba ruhusa."

Nikamuuliza, "Mimi tena?"

"Kiswahili changu akida hujifanya hakisikii. Chako atakisikia."

Ilikuwa kweli. Kiswahili cha baba kilikuwa Kizigua kilichovaa kanzu. Aliposema na watu wa Serikali, walimtazama mdomo kama wanamsubiri amalize kutafuna.

Tulianzia kwa akida mwenyewe, kwa heshima. Tulimkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Baba akamwamkia, nami nikaeleza: mashindano ni ya kugawana mashamba, hayana siasa, hayana uchawi, na bila hayo watu wanakatana kwa majembe. Akida alinisikiliza vizuri. Nadhani alifurahi kusikia lafudhi ya kwao.

"Ruhusa ya ngoma ninayo mimi," alisema. "Ngoma mkitaka, pigeni kesho. Ruhusa ya mto sina. Mto ni wa Serikali."

Baba akaniuliza kwa Kizigua amesema nini, ingawa alikuwa amesikia. Nikamwambia.

"Muulize Serikali iko wapi."

"Mashamba yenu yako upande wa kusini," akida alijibu. "Kusini ni Handeni. Nendeni Handeni."

Tulikwenda kwa miguu. Ilikuwa kipupwe, njia ilikuwa kavu na kulikuwa na upepo. Baba alikuwa na goti bovu, alitembea akipumzika, na kila alipopumzika alijifanya anatazama kitu: mti, kichuguu, nyayo za mnyama. Nami nilitazama pamoja naye. Tulilala Kwedizinga kwa ndugu zetu, waliotuchinjia kuku na kutuuliza habari za mto, maana kwao maji yalikuwa ya kuchimba. Walipojua tunakokwenda walishangaa. Mwenye nyumba alimwambia baba kwamba watu hupelekwa boma, hawaendi wenyewe.

Boma la Handeni lilikuwa juu ya kilima, jeupe, na nje yake walikaa watu wengi wenye mashauri. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa boma, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe na macho ya mtu asiyelala vizuri. Kiswahili alikijua. Zamu yetu ilipofika, nilisema yale niliyomwambia akida, kwa mpangilio uleule.

"Mitumbwi inaanzia wapi?" akauliza.

"Kichwani mwa kisiwa, Bwana."

"Kisiwa kiko upande wangu au upande wa Lushoto?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo. Nikamgeukia baba. Baba akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Kisiwa kiko mtoni."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka, kisha wakanyamaza kwa sababu Bwana Shauri hakucheka. Aliagiza aletewe ramani. Akaifungua mezani, akaweka kidole, akakisogeza polepole. Mto ulikuwa mstari mmoja wa wino. Kisiwa chetu hakikuwamo.

"Ukingo wa kusini ni wangu," alisema. "Ukingo wa kaskazini ni wa mwenzangu wa Lushoto. Katikati, sijui. Nikiwaruhusu ninyi, na mtumbwi mmoja ukapelekwa na maji upande wa pili, nitakuwa nimeruhusu ngoma katika nchi ya mwenzangu. Mimi sikatai. Nendeni mkamuulize yeye. Asipokataa, basi."

"Na akikataa, Bwana?"

"Basi vilevile," akasema, akamwita mtu wa shauri linalofuata.

Njiani baba hakulalamika. Alisema tu kwamba yule mzungu alionekana kuwa na homa, na kwamba alipaswa kunywa kitu cha uchungu. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu asiyekataa.

Tulipumzika nyumbani mpaka goti la baba likapoa. Kisha tukafuata reli kwenda Mombo, tukapanda mlima kwenda Lushoto. Gari moshi lilitupita njiani na baba alisimama kulitazama mpaka likapotea, ingawa alikuwa ameliona mara nyingi Korogwe. Kupanda kulimtesa. Wasambaa tuliokutana nao wakiteremka na mizigo ya ndizi walimwamkia kwa adabu na kumpisha upande wa ndani wa njia. Mmoja alimkatia fimbo. Juu kulikuwa na baridi ambayo sikuwa nimeijua, na mvua nyembamba isiyoanguka bali kuning'inia tu. Nilijifunika kanga zote nilizokuwa nazo.

Bwana Shauri wa kule alikuwa kijana. Alikuwa na uso mwekundu na alisimama akisema nasi, anatembea huku na huku. Nilipofika kwenye neno mitumbwi alisimama.

"Mnashindana kwa mitumbwi?"

"Ndiyo, Bwana."

"Watu wangapi kwenye mtumbwi mmoja?"

"Wawili, Bwana."

Uso wake ulibadilika kabisa. Akatueleza kwamba kwao kulikuwa na ziwa, na alipokuwa kijana wa shule yeye na wenzake walishindana kwa mashua nyembamba, wakivuta makasia, na akina mama na mabinti walikaa ukingoni kwenye viti. Alituonyesha kwa mikono walivyovuta. Baba alimtazama mikono kwa makini sana.

"Mbaya," baba aliniambia kwa Kizigua. "Anakwenda kinyumenyume."

"Anasema nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Anasema ni vizuri, Bwana."

Alifurahi. Aliketi, akaanza kupanga. Ruhusa angetoa, tena kwa furaha, na angemwandikia mwenzake wa Handeni mwenyewe. Lakini jambo kama hili lifanywe sawasawa. Lifanywe siku ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wao, ambayo watu wote hukusanyika, na bendera zipo. Mitumbwi iishie kabla ya daraja la reli, isije ikagonga nguzo. Akida asimamie. Mshindi apewe zawadi. Na wanaume wawili wawili, si wanawake.

"Wanawake ndio wanaolima, Bwana," nikasema.

"Wanawake watashangilia," alisema kwa upole, kama mtu anayetoa nafasi bora.

Nikamfafanulia tena kwamba mashindano ni ya mashamba, na mashamba hayapo mpaka maji ya masika yashuke. Siku ya Kaisari ilikuwa kabla ya masika. Bonde lingekuwa na mahindi ya watu, hakuna cha kugawana. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwamba desturi nzuri haiharibiki kwa kubadilishwa mwezi. Akamuuliza baba kama anakubali.

Baba akasema, "Ndiyo, Bwana."

Tulipokuwa tunateremka, nilimwacha atangulie, kwa sababu sikutaka anione uso. Baadaye nilishindwa kujizuia.

"Baba, mbona umekubali?"

"Tulikwenda kuomba ruhusa," alisema. "Tumepewa."

"Si hii tuliyoomba."

"Hapana," akasema. "Si hii."

Siku ya Kaisari ilifika na jua. Sijaona tena watu wengi vile kando ya mto wetu. Walikuja wafanyakazi wa mkonge kutoka Ngombezi, walikuja watu wa misheni na nguo nyeupe, wachuuzi wa Manundu waliuza maandazi na miwa. Bendera ilifungwa kwenye mti mrefu karibu na daraja. Bwana Shauri wa Lushoto alikuja na wenzake wawili watatu, wakaketi kwenye viti vilivyoletwa kutoka stesheni, na baba akapewa kiti pamoja nao, kwa kuwa yeye ndiye mzee wa mitumbwi. Alikaa mbele kabisa ya kiti, mgongo wima, kama mtu anayetaka kuinuka wakati wowote. Ngoma hakupiga. Kuanzisha kulifanywa na askari kwa bunduki.

Akida alikuwa ametoa mtumbwi wake. Hatukujua mpaka asubuhi ile. Alileta wavuvi wawili kutoka Pangani mjini, watu wenye mabega mapana, na walishika makafi wote wawili, bila pondo. Sisi tulicheka. Kwenye mto wetu mtu bila pondo hukwama kwenye mchanga. Lakini tulisahau kwamba safari ile haikuwa ya kwenda bondeni. Ilikuwa ya kuteremka katikati mpaka karibu na daraja, na katikati maji yalikuwa mengi baada ya vuli. Pondo halikufika chini. Wanaume wetu walichoma maji matupu, wakayumba, wakaanza kutukanana, maana wengi wao hawakuzoea kukaa mtumbwi mmoja na mwanamume mwenzao. Wavuvi wa akida walipita kama wanakwenda zao. Watu wa kisiwani walikuja nyuma yao, mbali.

Bwana Shauri alisimama kwenye kiti akipiga makofi. Wavuvi walipewa blanketi jekundu kila mmoja, na akida akapewa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama na shangazi kwenye majani. Alikuwa amefunga kiuno tangu asubuhi, kwa mazoea ya miaka aliyoshindana na mumewe.

"Hata mimi ningewashinda hawa," alisema, akimaanisha wanaume wetu.

Watu walidhani yameisha. Baada ya siku chache akida alimwita baba, nami nikaenda naye.

"Mzee," akida alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nimeshinda mashindano yenu."

"Umeshinda, Bwana Akida. Hongera."

"Basi maji ya masika yakishuka, mimi ndiye wa kwanza kuchagua. Nataka pale kwenye kona ya mto. Nitaweka watu wangu walime mpunga."

Baba alinigeukia. Mimi nikasema, "Bwana Akida, yale yalikuwa mashindano ya Kaisari. Zawadi imetolewa."

"Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ulikaa hapa ukaniambia mashindano ni ya kugawana mashamba. Ukasema Handeni. Ukasema Lushoto. Wazungu wawili wamekusikia. Sasa yamekuwa ya nini?"

Alikuwa amesema kweli, kila neno. Tuliondoka. Kwenye kivuko baba alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akasugua goti, akasema kwamba kona ile inalisha nyumba tatu.

Masika yale yalikuwa makubwa. Maji yalipanda mpaka kwenye vizingiti vya nyumba za chini, na tulihamishia kuku juu ya paa. Yalipoanza kushuka, akida alituma mtu kila baada ya siku kadhaa kuja kuuliza: bonde limekauka? Baba alimjibu ukweli, kwamba bado. Mtu wa pwani hawezi kulisoma tope kwa kulitazama kutoka ng'ambo. Kwa mbali linang'aa vilevile, liwe la kuzamisha mtu mpaka kiunoni au la kubeba jembe. Sisi tulikwenda kulikanyaga.

Jioni moja, kabla ya jua kuzama, baba alizunguka kisiwa kizima akiegemea fimbo yake ya mlimani. Nilifuatana naye kwa sababu ya goti. Kila nyumba alisimama mlangoni, akaamkiwa, akajibu, kisha akasema neno lilelile:

"Kesho mapema nakwenda shamba."

Basi. Hakusema mwingine aende. Hakutaja mitumbwi, hakutaja akida. Wenye nyumba walimtazama kidogo, wakasema, "Haya, mzee. Salama." Kwenye nyumba ya yule mwenye vidole vilivyokunjika alisimama muda mrefu kuliko kwingine, wakazungumza habari za mbegu. Kisha tukarudi, akala, akalala.

Kulipopambazuka nilitoka na shangazi. Nilidhani tutakuwa wenyewe na baba. Kichwani mwa kisiwa mitumbwi yote ilikuwa imeshaingizwa majini, mume nyuma, mke mbele, majembe yamelazwa katikati. Hakuna aliyezungumza. Baba alikuwa ameketi ukingoni bila ngoma. Shangazi hakuuliza mtu. Alichukua pondo la baba, akapanda nyuma ya mtumbwi wake, akanitazama mpaka nikaketi mbele na kafi. Mwanamume wa mtumbwi wa kando alifungua mdomo, mkewe akamwambia, "Na wao wanakwenda shamba." Akaufunga.

Baba aliinuka, akajinyoosha kama mtu aliyechoka kukaa.

Sijui namna ya kueleza zaidi ya kusema tulikwenda. Miaka yote nilikuwa nimeyatazama mashindano yale kutoka ukingoni, yakiwa na vigelegele na ngoma, na nilifikiri kelele ndiyo mashindano. Asubuhi ile sauti ilikuwa ya maji tu na ya watu kupumua. Shangazi alisukuma kwa kuinama mpaka chini, akanung'unika kila aliponyanyua pondo. Alijua mchanga ulipo. Tuliipita mitumbwi miwili kwa upande wa matete, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kupita kwa sababu ya mamba, nami nilipiga kafi nikiwa nimefumba macho. Mikono yangu ilikuwa ya mke wa mfanyabiashara. Ilichubuka tangu mwanzo na sikujua mpaka nilipoona damu kwenye mpini.

Tulikuwa wa nne. Niliruka kwenye tope, nikaanguka, nikainuka, nikachomeka jembe kwenye kipande kirefu chini ya kona, chenye weusi mzuri. Shangazi alibaki mtumbwini ameshika mbavu, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

Habari zilimfikia akida jua lilipokuwa limepanda. Tulimwona ng'ambo ya kaskazini, na mwavuli wake, anatembea ukingoni huku na huku. Mitumbwi yote ilikuwa upande wetu. Alipiga kelele avushwe.

Mwanamke mmoja aliinuka kutoka kwenye tuta lake, akaweka mikono mdomoni, akajibu kwa heshima zote, "Tunalima, Bwana Akida! Tukimaliza tunakuja!"

Tulilima mpaka adhuhuri.

Alimwita baba barazani kesho yake. Askari walikuwapo, na watu wengi wa Manundu walikuja kusikiliza.

"Nani ametoa ruhusa ya mashindano?" akida aliuliza.

Baba alijibu mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili chake. "Mashindano yapi?"

"Mitumbwi imeonekana inakimbizana mtoni."

"Watu walikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kulima, Bwana Akida. Serikali husema tulime."

"Ngoma ilipigwa?"

"Haikupigwa."

Akida aliwageukia askari, kisha watu. Nadhani alitaka kumpeleka baba Lushoto, na nadhani alifikiria angemweleza nini yule kijana wa mashua: kwamba blanketi la Kaisari alitaka kuligeuza kuwa mashamba ya watu. Mwishoni alimhukumu baba kufyeka majani ya kiwanja cha soko, kwa kosa la kutompelekea mtu wa kumvusha alipoita. Hilo kosa lilikuwa kweli, na baba hakulipinga.

Alifyeka. Sikuruhusiwa kumsaidia. Nilimpelekea chakula na maji, nikakaa kivulini nikimtazama akikata majani kidogo, akipumzika, akikata tena. Watu waliokuja sokoni walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, na yeye akasimama kila mara kuitikia, kwa hiyo kazi ilichelewa sana. Goti lake halikuwa zima tena baada ya hapo.

Siku ya Kaisari iliyofuata mashindano ya mitumbwi yalifanywa tena, na iliyofuata pia, kwa bendera na viti. Wanaume wa kisiwani walikwenda kwa sababu waliitwa. Yule akida alihamishwa. Aliyekuja baada yake hakujali habari za mto. Masika yaliposhuka watu walikwenda shamba mapema asubuhi, kila mwaka, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini wana haraka. Kisha vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza, daraja likavunjwa, na bendera ile sikuiona tena.

Mimi na shangazi tulivuna mpunga na maharage mwaka ule wa kwanza, tukajenga ghala letu wenyewe. Hatukurudi tena kule kwa viboko. Baba alifariki wakati wa vuli, tukamvusha, tukamzika ng'ambo. Shangazi alisukuma pondo mpaka alipokuwa haoni vizuri, ndipo nikaanza kusimama nyuma mimi. Miaka mingi baadaye, katika masika moja, mto ulikata njia mpya na kona yote ikaondoka na maji, na mimi nikahamia Manundu, ambako bado naishi.